Mbegu ya Mtama Ina Kalenda Yake



Mkutano ujao tutaamua kama mbegu ya mtama wa zamani iliyomo ghalani iuzwe yote, tubaki na ile ya muda mfupi, au zitunzwe zote mbili. Kabla ya kunyosha mikono, tuelewane kwanza.

Wengi tunasema mtama huchanua ukishakua, basi. Sivyo tu. Mtama una kalenda yake, nayo imo ndani ya mbegu. Wataalamu huiita jeni, yaani maagizo ya urithi yatokayo kwa mmea mzazi, kama mtoto arithivyo sura. Mtama wa asili hupima urefu wa usiku. Usiku ukiwa mfupi, jeni fulani huuambia: ngoja, bado. Usiku ukirefuka, zuio linaondoka, suke linatungwa.

Asili ya mtama ni Afrika hii hii. Ulipopelekwa Marekani ulikuta mchana wa kiangazi ni mrefu mno. Aina nyingi zikaota majani tu, zikachelewa kuchanua. Mwaka 1945 wataalamu wawili wa Texas, Quinby na Karper, walionyesha kuwa jeni tatu hutenganisha mtama wa kuwahi na wa kuchelewa. Moja yao, iitwayo Ma1, ilikuja kutambulika barabara mwaka 2011. Ikiwa nzima, huchelewesha mtama mchana unapokuwa mrefu. Ikiwa na kasoro, mtama huwahi. Basi mbegu ya muda mfupi si uchawi, ni urithi.

Je, ipi bora? Huko Mali mkulima akiwahi au akichelewa kupanda, mtama wao wa asili huchanua karibu siku zile zile, mvua zikikaribia kwisha. Punje zinaiva pakavu. Lakini mvua ikikatika mapema, mtama huo hukauka kabla ya kujaza suke. Wa muda mfupi huukwepa ukame. Ila ukiiva mvua ingali inanyesha, punje huota ukungu; na ukiwa umeiva peke yake, ndege wote hukimbilia hapo hapo.

Kila mbegu ina mwaka wake, na hakuna kati yetu ajuaye mwaka ujao utakuwaje. Kwa hiyo tunashauri hivi:

1. Mbegu zote mbili zibaki ghalani, kila moja na gunia lake lenye jina. Sasa kusoma tunajua, asiwepo wa kuchanganya.

2. Masuke ya mbegu yachaguliwe shambani, si kwenye lundo. Mtama ukichanua, yafungwe kamba yale yaliyochanua kwa wakati unaotakiwa. Kwenye lundo huwezi kujua lipi liliwahi.

3. Anayepanda kwa kuchelewa aulize kwanza ni mbegu gani anapewa.

Tukiuza mbegu ya zamani yote, fedha yake italiwa mwezi mmoja. Kalenda iliyomo ndani yake hatutaipata dukani.



Katibu