Lango Moja la Soko



Mkulima wa Mgeta ashushe kabichi Morogoro, akute soko lina lango moja. Bawabu akate shilingi 30 katika kila 100, naye ana genge lake humo humo. Atafanyaje?

Kwa wenye iPhone hapa nchini, lango hilo ni duka la programu la Apple. Ada yake hufika asilimia 30. Mwaka 2025 Umoja wa Ulaya uliitoza Apple faini ya euro milioni 500 kwa kuwazuia watunga programu kuwaelekeza wateja kwenye bei nafuu nje ya duka hilo.

Nasi tunayo Sheria ya Ushindani ya 2003, na Tume ya kuisimamia. Vijana mnaotunga programu, isomeni. Msipoijua haki yenu, bawabu hatawaambia.