Daftari la Mauzo ni Shahidi Wako wa Kwanza

Mada iliyotolewa na Afisa Habari wa Halmashauri katika kikao cha wafanyabiashara wadogo kilichofanyika kwenye ofisi ya kata. Inachapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimeombwa kuzungumzia kodi ya mapato ya mfanyabiashara mdogo. Kukadiria na kukusanya kodi hiyo ni kazi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, wala si ya Halmashauri. Hata hivyo, malalamiko ya makadirio hufika kwetu, na karibu yote yanafanana: mlalamikaji anasema amekadiriwa kuliko anavyouza, nasi tukimwuliza anauza kiasi gani kwa mwaka, hana pa kutuonyesha.

Jambo hili nimelifahamu tangu nyumbani. Mama yangu aliuza vyombo vya plastiki sokoni. Mwaka mmoja afisa alipita wiki moja kabla ya Idi, akakuta meza imejaa na wateja wamemzunguka, naye akakadiriwa kwa kadiri ya siku hiyo. Mama alijua vema kwamba ipo miezi ambayo hukaa siku tatu bila kuuza hata beseni moja, lakini ujuzi huo ulikuwa kichwani mwake tu. Alipokwenda kujieleza aliulizwa swali moja: "Mama, kumbukumbu zako ziko wapi?" Hakuwa nazo. Alilipa, na ili nisikose ada ya muhula ule chuoni, aliuza cherehani yake. Afisa yule aliamua kwa alichokiona. Hakuonyeshwa kitu kingine. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari huisha bila habari.

Viwango vinasemaje

Mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake ghafi hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka, na ambaye mapato yake yote yanatokana na biashara, hutozwa kwa utaratibu wa makadirio. Mwenye ajira na duka kwa pamoja asidhani kwamba utaratibu huu unamhusu. Na awaulize TRA utaratibu wake.

Kodi hii hutozwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Julai 2019, mwenye mauzo yasiyozidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka halipi kodi hiyo. Kuanzia hapo, sheria inawatenganisha wenye kumbukumbu na wasio nazo.

Mauzo yakizidi 4,000,000 lakini yasizidi 7,000,000, asiye na kumbukumbu hulipa shilingi 100,000. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi 4,000,000 tu.

Mauzo yakizidi 7,000,000 lakini yasizidi 11,000,000, asiye na kumbukumbu hulipa shilingi 250,000. Mwenye kumbukumbu hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kile kilichozidi 7,000,000.

Tuchukue mfano wa mama lishe aliyeuza chakula cha shilingi 4,500,000 kwa mwaka. Bila kumbukumbu atalipa 100,000. Akiwa nazo atalipa asilimia 3 ya 500,000, yaani shilingi 15,000. Mwenye genge aliyeuza 9,000,000 atalipa 250,000 bila kumbukumbu. Akiwa nazo, 90,000 na 60,000, jumla 150,000. Shilingi laki moja imebaki mfukoni mwake kwa sababu ya daftari.

Wapo wanaosema kwamba kuandika mauzo ni kujisaliti. Hebu tulipime neno hilo kwa hesabu. Aliyefika ukingoni kabisa mwa daraja la kwanza, mauzo 7,000,000, atalipa 90,000 kwa kumbukumbu, na 100,000 bila kumbukumbu. Aliyefika 11,000,000 atalipa 210,000 badala ya 250,000. Katika madaraja haya mawili hakuna mahali ambapo mwenye daftari analipa zaidi ya mwenzake asiye nalo.

Tena, anayehitaji daftari kuliko wote ni yule mdogo kabisa. Milioni nne kwa mwaka, kwa anayefungua kila siku, ni wastani wa takriban shilingi 10,900 kwa siku. Meza ya nyanya inaweza kupita kiasi hicho siku ya gulio na isikifikie siku nne zinazofuata. Bila maandishi, atathibitishaje kwamba hakufika milioni nne?

Namna ya kuandika

Si lazima uwe umesomea uhasibu. Daftari la kawaida la mistari linatosha. Kila jioni, kabla ya kufunga, andika tarehe, mauzo ya siku, bidhaa ulizonunua na gharama nyingine kama nauli, ushuru na pango. Siku ambayo hukuuza, andika tarehe na uweke sifuri, usiiruke. Siku ya sifuri ndiyo ambayo mama yangu hakuweza kuithibitisha.

Mikopo ya wateja iwe na ukurasa wake, ili deni lisihesabiwe mara mbili: siku bidhaa ilipochukuliwa, na tena siku lilipolipwa. Unga uliouchukua dukani kwa ajili ya nyumbani nao uandikwe pembeni. Kama unapokea malipo kwa simu, tenga laini ya biashara na laini ya familia. Vinginevyo fedha aliyokutumia mwanao kwa matibabu itachanganyika na mauzo.

Mwisho wa mwezi jumlisha. Hata kama kodi inatazama mauzo, safu za manunuzi na gharama zitakuonyesha kama biashara inakulisha au wewe ndiye unayeilisha. Mwenye faida ndogo kwenye mauzo makubwa anaruhusiwa na sheria kuchagua kutoka katika utaratibu wa makadirio na kutozwa kwa hesabu za faida, ila hesabu hizo hudai kumbukumbu kamili zaidi. Tunza daftari na risiti kwa miaka mitano. Ndivyo Sheria ya Usimamizi wa Kodi inavyotaka.

Kulipa kwa awamu

Kodi hii hugawanywa katika awamu nne, na mwisho wa kila awamu ni 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Mwenye genge wa mfano wetu, mwenye kodi ya 150,000, atalipa 37,500 kila awamu. Akitia kwenye kibubu shilingi 420 kila siku, kila awamu itamkuta tayari. Anayesubiri Desemba hukutana na kodi, sikukuu na sare za shule kwa wakati mmoja.

Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi, yaani TIN, hutolewa bure. Malipo hufanywa benki au kwa simu kwa kutumia namba ya kumbukumbu ya malipo. Usimkabidhi mtu yeyote fedha taslimu kwa ahadi kwamba "atakumalizia".

Ukifunga biashara, iarifu TRA kwa maandishi. Anayeondoka kimya aweza kurudi baada ya miaka miwili akakuta makadirio yanamngoja kwa meza ambayo haipo tena.

Ukiona makadirio si sahihi

Anza kwa kwenda ofisi ya TRA na daftari lako, ueleze kwa utulivu. Usiporidhika, sheria inakupa siku 30 tangu kupewa uamuzi kuwasilisha pingamizi kwa maandishi kwa Kamishna Mkuu. Fahamu kwamba pingamizi huambatana na kulipa kwanza sehemu usiyoibishia au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kutegemea ipi ni kubwa zaidi, isipokuwa Kamishna akikupunguzia. Kwa hiyo ni nafuu kwenda na ushahidi siku ya makadirio kuliko kubishana baadaye.

Inavyohusu Halmashauri

Leseni ya biashara na kodi ya mapato ni vitu viwili; kulipia kimoja hakufuti kingine. Vilevile, Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachoonyesha kiliuza nini na kilibakiwa na nini hujieleza kwa urahisi mbele ya kamati. Daftari lile lile linafanya kazi mbili.

Ndugu zangu, Bunge hupitisha Sheria ya Fedha kila mwaka, na mabadiliko huanza kutumika tarehe 1 Julai. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, hakikisheni viwango vya mwaka husika katika ofisi ya TRA. Viwango vyaweza kubadilika. Haja ya kuwa na maandishi haibadiliki.

Naomba kila mmoja wetu, akitoka hapa, apitie dukani anunue daftari moja, na ukurasa wa kwanza auandike leo jioni. Asiyeweza kuandika amwombe mwanawe anayesoma amwandikie kila siku. Mtoto naye atakuwa amejifunza hesabu. Mama yangu alianza daftari lake mwaka uliofuata. Cherehani haikurudi, lakini hakuna aliyemkadiria tena kwa mauzo ya wiki ya Idi.