Mtambo wa Kusagia Ulisubiwa na Nani?

*Maneno yaliyosemwa mbele ya walimu na Wakristo siku ya Jubilei*



Nimeombwa kusema juu ya mtambo ule wa kale wa kusagia unga, ulalao nyuma ya ghala. Wengi huuliza: Ni kazi ya nani? Nitawajibu, lakini kwanza sharti niungame kosa langu.

Nilipokuwa mtoto wa shule, mtambo ulikuwa na kibao cha shaba chenye jina la kiwanda na nambari. Nilikibandua kwa siri, nikampelekea mfua shaba, naye akanifulia bangili. Baadaye chombo kimoja cha ndani kilivunjika. Fundi alipoandika barua kutaka kingine, alijibiwa: Tupe kwanza jina la kiwanda na nambari. Hakuwa nayo. Mtambo ukanyamaza, na mama zetu wakarudia kinu na mchi. Hata leo nisikiapo mchi alfajiri, moyo hunichoma.

Wazee walituambia ya kwamba mtambo huo ni wa Wadachi, tena uliletwa na wapagazi kutoka Bagamoyo. Basi na tuyapime maneno hayo.

Wanyamwezi walisifiwa kuwa wapagazi hodari kupita wote. Lakini mzigo wa mtu mmoja ulikuwa yapata frasila mbili, na wanyama wa kukokota waliuawa na ndorobo njiani. Ni kweli, vitu vikubwa viliweza kuchukuliwa vipande vipande: ndivyo ilivyosafiri mashua ya Stanley, Lady Alice, iliyotoka Bagamoyo mwaka 1874 hata ikafika Nyanza. Lakini gurudumu kubwa la mtambo wetu limesubiwa kipande kimoja, na watu wanane hawalitikisi. Mabega ya watu hayakulileta. Lilikuja kwa gari la moshi, na reli ilifika Tabora mwaka 1912.

Je, ni wa Wadachi? Wao walikaa Tabora hata Septemba 1916, Wabelgiji walipouteka mji. Hivyo ilibaki nafasi ya miaka minne, na kwa hesabu hiyo peke yake hatukuweza kukata neno.

Tukachukua mafuta ya taa na kitambaa, tukausugua ubavu wa mtambo polepole; patasi hatukuigusa. Chini ya masizi zikatokea herufi zilizosubiwa pamoja na chuma chenyewe. Neno la kwanza limeliwa na kutu. Baada yake imebaki alama hii, &, kisha HORNSBY, na chini yake LINCOLN.

Alama hiyo ndogo ndiyo iliyokata shauri. Kiwanda cha Richard Hornsby & Sons kilikuwa Grantham, Uingereza, nacho tangu mwaka 1892 kilitengeneza mitambo ya mafuta iliyobuniwa na Herbert Akroyd Stuart. Lakini katika jina hilo alama hufuata Hornsby, haitangulii. Mwaka 1918 kiwanda hicho kiliungana na Ruston, Proctor cha mji wa Lincoln, kikaitwa Ruston & Hornsby. Basi neno lililoliwa na kutu ni Ruston, na mtambo wetu haukusubiwa kabla ya mwaka 1918, Wadachi walipokuwa wamekwisha ondoka Tabora.

Wazee wetu hawakusema uongo. Nadhani walichanganya kumbukumbu mbili, ya mizigo waliyoichukua baba zao na ya mtambo walioukuta wenyewe. Lakini mwaka hasa wa mtambo hatuujui. Viwanda viliandika nambari katika madaftari, pamoja na siku ya kuuzwa. Na nambari yetu imekuwa bangili.

Walimu wangu, katika misheni nyingi wako wazee wa chuma kama huyu, na wanunuzi wa vyuma chakavu hupita kila mwezi. Kabla hamjauza, sugueni, someni, andikeni katika daftari la shule kila herufi na kila nambari, hata alama isiyo na maana machoni penu. Na mtoto akikutwa na bisibisi karibu na kibao cha shaba, msimpige. Mwiteni, mmsomee kibao hicho, kisha mumpe kalamu akinakili yeye mwenyewe.