Mgeuze Mgonjwa Wako

Wasikilizaji wetu wa Shinyanga na Geita, duara la mgodi likiporomoka na kifusi kikamvunja mchimbaji uti wa mgongo, anaweza kupoteza hisia miguuni. Hapo kidonda cha kulala humnyemelea kimyakimya: mfupa unakandamiza ngozi kitandani, damu haipiti, nyama inakufa, naye hasikii maumivu yoyote. Muuguzi humgeuza kila baada ya saa 2, hata usiku wa manane. Nawe ndugu unayemuuguza, msaidie muuguzi: mnyanyueni mgonjwa, msimburute. Kagueni visigino, nyonga na juu ya makalio. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo gusa. Pakiwa na joto au pagumu kuliko pembeni, mwite muuguzi. Tafadhali, usipasugue, utaumiza zaidi. Shuka likilowa, libadilishwe papo hapo, lisingoje asubuhi.