Wiki Moja Visiwani: Kupanga Safari ya Kikundi Rusinga na Mfangano

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia vya Migori na Homa Bay)

Nimepewa nusu saa niseme habari ya safari ya kutembea, na nawaona wengine wameshaanza kununa. Wanasema moyoni, "Kutembea ni kazi ya Wazungu, sisi tuna mahindi ya kupalilia." Haya, nimesikia. Lakini vikundi vitatu vilivyo hapa leo vimekwisha kupiga kura kwenda Mombasa kuona bahari. Kwa hiyo swali la kama watu watatembea limekwisha jibiwa. Lililobaki ni wapi, kwa pesa gani, na kama wote watarudi salama.

Mimi sina neno baya juu ya Mombasa. Lakini kutoka Migori ni mchana na usiku ndani ya basi, na kurudi vivyo hivyo. Katika siku saba, tatu ni za kulala umekaa. Na ile pesa mliyochanga mwaka mzima, sehemu kubwa imekwenda kwa mafuta ya basi. Hebu tuulizane: kati yetu hapa, ni wangapi wamefika Mfangano? Nyosheni mikono. Mnaona? Wanne. Kisiwa kiko kaunti yetu, ikweta inapita kaskazini yake kidogo tu, kina mlima, msitu, pango lenye michoro ya watu wa kale, na sisi hatujakanyaga.

Basi nieleze ninavyoipanga hiyo wiki, nanyi mtabadilisha mkitaka.

Kwanza pesa, kwa sababu hapa ndipo vikundi huvunjika. Pesa ya safari iwe na daftari lake na sanduku lake. Isiguse pesa ya mkopo, isiguse ile ya mzunguko tunayoita nyoluoro, wala ile ya mgonjwa na matanga. Mama akija kukopa mbegu mwezi wa tatu akaambiwa pesa imelipa mashua, kikundi kimekufa hapo hapo, hata kama mtaendelea kukutana. Tuseme safari itamgharimu kila mtu shilingi 6,000. Hiyo ni mfano tu, ninyi mtapiga hesabu kwa bei mtakazoambiwa siku hiyo. Mkianza wiki ya kwanza ya Novemba, mna wiki 40 kufika Agosti. Elfu sita gawanya kwa 40 ni shilingi 150 kwa wiki. Anayeweza 150 atoe, anayeweza 300 wiki moja na kuruka nyingine, sawa, bora daftari lisome wazi.

Kwa nini Agosti? Januari ni mwezi mkavu mzuri, lakini Januari ni karo, nani ana pesa? Machi mpaka Mei ni masika, barabara ni matope na ziwa halina adabu. Agosti mahindi ya kwanza yametoka shambani, na shule zimefungwa, kwa hiyo watoto wakubwa wako nyumbani kuangalia wadogo na ng'ombe. Mama wengi hawaendi safari si kwa kukosa pesa bali kwa kukosa mtu wa kubaki nyumbani. Hilo lizungumzwe kikundini, na mabwana wakiwepo.

Na jambo lingine la daftari: msiseme ati maofisa waende kwanza halafu watatuletea habari. Nani amewahi kushiba kwa habari? Waende waliochanga. Mjane ambaye hawezi kufikisha, kikundi kiamue mapema, mbele ya wote, kama kitamjazia.

Sasa njia. Jumatatu, watu wa Migori waondoke kumi na mbili asubuhi na wapitie Thimlich Ohinga, kaskazini-magharibi ya mji wa Migori. Hapo kuna kuta za mawe zilizojengwa bila udongo wala simiti, jiwe juu ya jiwe, nyingine zimepita urefu wa mita nne. Wataalamu wanasema zilianza kujengwa karne ya 16, na waliokaa humo walibadilikana, jamii moja baada ya nyingine, na kila aliyekuja alizitengeneza zilipobomoka. Mwaka 2018 UNESCO iliandika mahali hapo katika orodha ya urithi wa dunia. Fundi wa mawe kama yuko kikundini mpelekeni mbele aangalie jinsi mawe yalivyoshikana. Kisha mnaelekea Magunga, Sindo mpaka Mbita. Ni njia ndefu, ulizeni hali ya barabara kabla. Watu wa Homa Bay mjini na Kendu Bay watakutana nanyi Mbita jioni.

Jumanne ni Rusinga. Zamani mlivuka kwa mashua. Miaka ya 1980 likajengwa tuta la mawe na udongo kutoka Mbita, gari likapita, lakini tuta lile lilizuia maji kutembea kati ya upande mmoja na mwingine, na wavuvi walilalamika miaka mingi. Siku hizi pana daraja, maji yanapita chini. Simameni hapo mtazame, kwa maana ni somo la maendeleo lenye pande mbili, na hakuna haja ya mhadhara.

Kule Kasawanga ndiko kaburi la Tom Mboya. Alizaliwa 1930 kule Kilima Mbogo ambako baba yake alikuwa akifanya kazi katika shamba la mkonge, lakini kwao ni Rusinga. Aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, Waziri wa Mipango ya Uchumi, hajafika miaka 39. Wazee mnakumbuka siku ile. Vijana mnajua barabara yenye jina lake tu. Waambieni habari ya zile ndege za wanafunzi zilizoanza 1959 kwenda Marekani, na jinsi wazazi na majirani vijijini walivyochanga shilingi shilingi ili mtoto wa mtu mmoja apande. Mchango wa kikundi haukuanza na sisi.

Rusinga pia ndiko Mary Leakey alikookota fuvu la Proconsul mwaka 1948, mnyama wa jamii ya nyani wa kale, wa miaka karibu milioni 18. Watoto wa shule watataka kujua zaidi ya hapo, mtafuteni mwalimu wa pale awatembeze.

Na msilale bila kuuliza habari ya mbu. Kati ya 2013 na 2015 watafiti wa icipe pamoja na chuo cha Wageningen cha Uholanzi walitundika mitego kwenye nyumba za Rusinga, inayotumia umeme wa jua na harufu inayofanana na ya binadamu ili mbu aingie mwenyewe. Nyumba zilizokuwa na mtego, malaria ilipungua kwa karibu asilimia 30 ikilinganishwa na zile ambazo zilikuwa bado hazijapata. Watu wengi waliupenda mtego kwa sababu uliwaletea taa na chaji ya simu, na mimi siwalaumu. Hata hivyo neti bebeni, kila mtu yake.

Hao icipe wana kituo chao pale Mbita. Mwandikieni meneja barua mwezi mmoja kabla, muombe kuonyeshwa shamba la mahindi ambapo desmodium imepandwa katikati ya mistari na nyasi ya mifugo pembeni. Ile desmodium inadhoofisha kayongo, na harufu yake inafukuza nondo wa kutoboa mashina, wakati nyasi ya pembeni inamvuta kwake. Aliyepoteza gunia sita kwa kayongo atajua kwa nini nimeweka hii ndani ya safari ya starehe.

Jumatano asubuhi mnavuka kwenda Mfangano. Sasa hapa nisikilizeni, hata wale wa nyuma wanaonunua njugu.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Ukara. Kilitengenezwa kubeba watu 101, na waliokufa peke yao walizidi 220. Kilikuwa kimebakisha mita chache kufika. Ziwa ni lile lile letu. Mahali pote pawili watu walikuwa wamezidi. Kwa hiyo mtu mmoja wa kikundi achaguliwe kuwa mkali wa mashua, na si lazima awe mwenyekiti, awe mtu asiyeona haya. Kazi yake ni kumuuliza nahodha chombo kinabeba wangapi, kuhesabu, na kuona kila mtu amevaa jaketi ya kuokoa maisha na kufunga kamba zake kabla ya kamba ya mashua kufunguliwa. Jaketi iliyokaliwa kama mto wa kiti haiokoi mtu. Nahodha akisema tutapakia magunia ya simiti kidogo tu, huyo mkali aseme shukeni, na wote washuke. Na asinung'unikiwe. Nauli mtakayopoteza ni ndogo. Waulizeni pia kamati ya ufuo, hao BMU, ni chombo kipi kinaaminika; wao wanajua.

Vukeni mapema, saa mbili au saa tatu. Mchana upepo wa ziwa unaamka, na jioni mawingu meusi hayapigi hodi. Hii ndiyo sababu nimepanga kurudi Jumamosi asubuhi, si Jumapili baada ya ibada kama wengi walivyopendekeza. Mkimaliza kusali Mfangano Jumapili ni saa saba, na saa saba si saa ya kuvuka na watoto. Salini Mbita.

Mfangano mna siku tatu. Fikieni Sena, na kama kuna vikundi vya kina mama pale, laleni kwao mkawalipe, badala ya kulipa hoteli. Wenyeji ni Abasuba. Babu zao walivuka kutoka upande wa Uganda, na lugha yao ni jamaa ya Kiganda. Leo wengi wao wanazungumza Kijaluo, na Kisuba kimebaki zaidi kwa wazee. Mkifika muombeni mzee awasalimu kwa Kisuba, na sisi Wajaluo tusicheke. Kuna jumba la makumbusho la Abasuba kisiwani lililoanzishwa na wenyeji wenyewe. Viingilio vyenu vinasaidia kulitunza.

Alhamisi ni michoro ya mawe. Iko Mawanga na Kwitone, miduara ndani ya miduara, myekundu na myeupe. Inasemekana waliochora ni wawindaji wa kale wa jamii ya Watwa, kabla ya babu zetu sote kufika. Wenyeji baadaye walipaheshimu mahali hapo kama pa kuombea mvua. Mnaweza kukubali au kukataa imani hiyo, lakini kiatu na kelele acheni chini. Msiguse rangi, msimwagie maji ati picha itoke vizuri. Tafuteni kijana wa pale awaongoze na mpatane bei kabla ya kupanda.

Kwitone ni kupanda. Kilele cha kisiwa, Kwitutu, kiko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na ziwa liko 1,134, kwa hiyo mtu anayetaka kilele apande zaidi ya mita 500. Wenye magoti mabaya wabaki ufuoni siku hiyo na wajifunze kukausha omena juu ya chanja badala ya mchangani. Omena isiyo na mchanga inauzwa vizuri, hilo mnalijua sokoni. Ijumaa mnapumzika, au mnakodi mashua asubuhi mwende Takawiri kuona ufuo wa mchanga mweupe, halafu mnarudi kabla ya mchana.

Kuoga ziwani, hapana. Najua itauma. Kichocho kinatoka kwa konokono wa maji ya kina kifupi penye majani, hasa mahali watu wanapofulia na kuteka. Anayekojoa damu au kuumwa tumbo wiki kadhaa baada ya safari aende zahanati aseme alikuwa ziwani; dawa ipo. Maji ya kunywa chemsheni, na bebeni sufuria yenu.

Watu wa Nyatike wataniuliza habari ya Migingo. Kisiwa kile kidogo, mabati juu ya mwamba, kimegombaniwa na Kenya na Uganda tangu miaka ya 2000. Askari wako. Si mahali pa kupeleka kikundi cha nyimbo na kofia za safari, hata kama shemeji yako anavua huko.

Katibu wa mkutano amefungua daftari pale mezani. Kila kikundi kiandike jina, idadi ya watu, na jina la huyo mkali wa mashua. Tukifika vikundi vinne tutaandika barua moja ya icipe na kupatana bei moja ya matatu. Sasa maswali. Mama wa kitambaa cha kijani, wewe uliinua mkono kwanza.