Nyumba ya Udongo
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Mbozi Misheni)



Wamoravia walifika hapa Mbozi mwaka 1899, na sisi tuliosoma kwao tumezoea kuidharau nyumba ya fito na udongo. Twaona haya kumkaribisha mgeni ndani yake.

Basi na tutazame Uingereza. Katika kijiji cha Shottery imesimama nyumba alimozaliwa Anne Hathaway, mkewe Shakespeare, nayo imepita miaka 500. Msingi wake ni mawe. Juu yake zimesimamishwa nguzo za mwaloni zilizoungwa kwa vigingi vya mti, na kati ya nguzo fito zimesukwa zikakandikwa udongo. Paa ni la nyasi. Hapo kale hata dohani haikuwako: moto uliwashwa katikati ya chumba na moshi ukatokea juu, kama kwa bibi zetu. Mwaka 1969 moto uliunguza sehemu yake, nao wakaiezeka tena kwa nyasi.

Haikuoza kwa sababu paa limetokeza nje, mvua haipigi ukuta, na mawe huzuia unyevu usipande. Sisi huzika nguzo ardhini, mchwa wakala, kisha twalaumu udongo!

Karani mwenzetu mmoja alibomoa nyumba njema ya baba yake, akakopa fedha za mabati. Deni lilikula mshahara wake mwaka mzima, na mchana chumba ni tanuu. Ndugu mnaokaribia pensheni, kabla ya kukopa, kwanza kusanyeni mawe.