Pumba, Mabua na Magunzi: Kwanza Zizini, Kisha Sokoni

(Mada iliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za parokia za Musoma, Bunda na Butiama, pamoja na wafadhili)



Tumeombwa tujibu swali ambalo limekuwa likijirudia katika vikao vyetu: je, mabaki ya mazao yetu yanaweza kutengenezewa matandiko ya choo cha paka, yale yanayoitwa mchanga wa paka, yanayooza na kurudi udongoni, ili tuyauze na kuinua vipato vya familia?

Swali hili ni zuri na halistahili kuchekwa, ingawa tunajua wapo waliocheka. Jibu letu kwa ufupi ni kwamba inawezekana. Hata hivyo, mabaki hayo yana kazi nyingine iliyo karibu zaidi na nyumba zetu, nayo ni vema ifanyike kwanza.

Mchanga wa paka ni kitu gani?

Huku kwetu paka anafugwa ili alinde ghala dhidi ya panya. Choo chake ni uani au pembezoni mwa shamba, naye hufukia mwenyewe. Wenzetu wengi wa Ulaya na Marekani hukaa na paka ndani, hata ghorofani, hivyo humwekea sanduku. Zamani walitia humo mchanga au majivu. Mwaka 1947, katika mji wa Cassopolis, jimbo la Michigan, Edward Lowe alimpa jirani yake udongo mfinyanzi uliokaushwa badala ya mchanga. Udongo ule ulinyonya mkojo vizuri zaidi, jirani akarudi kuomba mwingine, na kutoka hapo ikazaliwa biashara kubwa.

Udongo huo una kasoro. Huchimbwa ardhini, hauozi, na ukishatumika huishia jalalani. Ndiyo maana siku hizi yapo sokoni matandiko yaliyotengenezwa kwa mbao, karatasi, ngano, mahindi, na hata mihogo. Utengenezaji wake si siri. Malighafi hukaushwa, husagwa, huchekechwa ili kuondoa vumbi, huchanganywa na wanga kidogo ushike kama gundi, kisha hushindiliwa na mashine kuwa vipande vidogo, hukaushwa tena na kufungwa kwenye mifuko. Bidhaa nzuri ina sifa tatu: hunyonya maji mengi, huzuia harufu, na haitoi vumbi.

Hapo tunapenda kutoa tahadhari moja. Kinyesi cha paka kinaweza kubeba vimelea vya ugonjwa wa toksoplasmosisi, ambao ni hatari kwa mtoto aliye tumboni. Mama mjamzito asikiguse, na matandiko ya paka yasitiwe kwenye bustani ya mboga, hata kama yanaoza.

Mkojo unaopotea kila usiku

Sasa tuangalie sifa ya kwanza: kunyonya. Kama pumba na mabua vinaweza kunyonya mkojo wa paka ghorofani, vinaweza pia kunyonya mkojo wa ng'ombe na mbuzi zizini. Na hapa ndipo penye hasara kubwa ambayo wengi wetu hatuioni.

Mkulima wa Mara anajua thamani ya samadi. Anazoa kinyesi, anakirundika, na msimu ukifika anakipeleka shambani. Lakini mkojo anauacha uzame ardhini. Katika uchafu unaotoka kwa ng'ombe, karibu nusu ya naitrojeni, na mara nyingi zaidi ya nusu, imo kwenye mkojo. Potasi nayo sehemu kubwa imo humo humo. Fosforasi ndiyo inayobaki kwenye kinyesi. Kwa hiyo anayezoa kinyesi peke yake anapeleka shambani nusu ya mbolea na kuiacha nusu nyingine bomani.

Aidha, mkojo ukikaa wazi, bakteria hugeuza urea iliyomo kuwa gesi ya amonia. Ile harufu inayochoma pua na kutoa machozi unapofungua banda la kuku asubuhi ndiyo amonia yenyewe. Ni naitrojeni inapaa hewani, ile ile ambayo mkulima ataifuata dukani baadaye. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 tu za naitrojeni. Bei ya mbolea ilipopanda sana mwaka 2022, Serikali ilileta ruzuku, na wengi wenu mnakumbuka foleni za kujiandikisha. Ruzuku ni msaada mzuri, lakini haina maana kununua kwa pesa kile kilichokuwa kinatiririka bure zizini.

Hivyo basi, matandiko makavu hufanya kazi mbili kwa pamoja. Hushika mkojo, na humpa mnyama mahali pakavu pa kulala. Boma likiwa tope msimu wa masika, kwato huoza na ndama hudhoofika. Banda la kuku likilowa, vimelea vya ugonjwa wa kuhara damu hustawi na vifaranga hufa.

Kila baki na mahali pake

Si kila baki linafaa kwa matandiko, na wilaya zetu hazifanani.

Bunda, kwenye maeneo ya mbuga, kuna mpunga. Kwenye mashine za kukoboa utakuta vilima vya pumba ngumu, zile za nje ambazo mifugo haili. Pumba hizi ni nyepesi, ni kavu, na zinafaa sana kwa banda la kuku. Unyonyaji wake ni mdogo kuliko wa vumbi la mbao au mabua yaliyokatwakatwa, na huoza polepole kwa kuwa zina silika nyingi. Kwa hiyo kwa ng'ombe ni vema zichanganywe na mabua.

Bunda pia kuna pamba. Hapa tuwe waangalifu. Taratibu za kilimo cha pamba zinamtaka mkulima kung'oa na kuchoma masalia baada ya mavuno, ili wadudu waharibifu wasipate pa kujificha hadi msimu ujao. Mabua ya pamba, basi, tusiyarundike nyumbani kwa jina la matandiko. Tutakuwa tunafuga wadudu wa jirani.

Butiama kuna mahindi, mtama na mihogo. Mabua ya mahindi na mtama yakikatwa vipande vya urefu wa kiganja hunyonya vizuri. Magunzi yakipondwa hunyonya pia. Lakini mabua ni chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi, kwa hiyo kwanza ale, na yale magumu anayoyaacha ndiyo yawe matandiko. Maganda mabichi ya mihogo yasitandikwe, kwa sababu mbuzi watayala, na yana sumu ya sayanidi. Ama muhogo wenyewe, hatuna la kuongeza. Nyumba inayokula ugali wa muhogo haiwezi kuutoa makopa yake yawe choo cha paka.

Musoma mjini kuna mafundi seremala wenye maranda na wafugaji wengi wa kuku. Maranda ni mazuri, ila yasitoke kwenye mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa. Wafugaji wa mjini wana samadi lakini hawana shamba, na wakulima wa vijijini wana shamba lakini samadi haiwatoshi. Gari linaloleta pumba mjini linaweza kurudi na samadi ya kuku. Huo ni ubia ambao kamati za parokia zinaweza kuusimamia bila kusubiri mradi wowote.

Kwa mabaki yote kanuni ni moja: yawe makavu, yasiwe na ukungu. Matandiko yenye ukungu huwaletea vifaranga ugonjwa wa mapafu. Tukumbuke kuwa mwaka 2016 sumukuvu iliyotokana na ukungu wa mahindi ilisababisha vifo vya watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kitu kilichoota ukungu hakina nafasi karibu na chakula cha mtu wala cha mnyama.

Namna ya kufanya

Katika banda la kuku, tandika unene wa sentimita 5 hadi 10. Geuza kwa reki mara kwa mara, na ondoa mara moja sehemu iliyolowa karibu na chombo cha maji. Kipimo chake ni mkono wako. Kamata matandiko, yafinye, kisha fungua kiganja. Yakishikana kidogo na kuachana, yapo sawa. Yakibaki donge, yamelowa mno. Yakipeperuka kama vumbi, yamekauka mno.

Katika boma la ng'ombe, tupia tabaka jembamba kila jioni mahali wanapolala, juu ya lile la jana. Likishajaa mkojo na kinyesi, lizoe ulirundike kivulini, ulifunike kwa majani au turubai ili mvua isiioshe mbolea. Rundo lisiwe karibu na kisima wala kwenye mkondo unaoelekea ziwani. Ziwa Victoria limeteseka na gugu maji tangu karibu mwaka 1990, na gugu hilo hunenepeshwa na mbolea inayosombwa kutoka nchi kavu. Mbolea ikiwa shambani ni baraka, ikifika ziwani ni balaa kwa wavuvi wetu.

Mchanganyiko unaooza vizuri una sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Mkulima hahitaji maabara kulijua hilo. Rundo likinuka amonia, ongeza mabua au pumba. Likikaa baridi bila kuoza, ongeza samadi na maji kidogo. Rundo zuri hupata joto la nyuzi 55 au zaidi. Ligeuze mara kadhaa ili ya nje yaingie ndani, na joto hilo litaua vimelea wengi na mbegu nyingi za magugu. Likishapoa na kunukia udongo, limekuwa mboji.

Jambo moja la kukataza: matandiko ya kuku yasilishwe ng'ombe. Mzoga wa kuku ukiwa umefichika humo unaweza kuleta sumu ya botulini na kumuua ng'ombe.

Tukirudi kwenye mashine

Wafadhili wetu, tunajua mnapenda kuona mradi wenye bidhaa na mauzo. Nasi tunapenda. Lakini tupige hesabu pamoja. Mashine ya kushindilia inahitaji umeme wa uhakika, vipuri na fundi. Malighafi inatakiwa iwe na ukavu ule ule masika na kiangazi. Bidhaa yenyewe ni nyepesi, inajaza gari, na bei yake kwa kilo ni ndogo. Kutoka Musoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Nauli inaweza kuimaliza faida kabla mzigo haujafika bandarini. Zaidi ya hayo, kila gunia linaloondoka linaondoka na sehemu ya rutuba ya udongo wetu, na halirudi.

Hatusemi mlango ufungwe. Pumba ngumu za mpunga zinazobaki baada ya mabanda yote kutandikwa, zile zinazochomwa moto ovyo nyuma ya mashine, zinaweza kujaribiwa. Kikundi kinaweza kuanza kwa mizani ya dukani. Pima kilo 1 ya pumba kavu kwenye mfuko wa kitambaa, uloweke kwa saa moja, uning'inize hadi uache kudondosha, kisha pima tena. Toa uzito wa kitambaa kilicholowa. Kilichoongezeka ni maji yaliyonyonywa. Rudia kwa maranda, kwa magunzi yaliyopondwa, na kwa mchanganyiko. Andikeni matokeo. Kisha tafuteni mnunuzi wa hapa hapa nchini, mwenye paka ndani ya nyumba, mumwulize atalipa kiasi gani. Mkiwa na majibu hayo mawili mkononi, tutakaa tena tuzungumzie mashine.

Tunachoomba

Kwa kamati za parokia, tunaomba kabla ya mavuno yajayo kila kamati iorodheshe mabaki yanayopatikana katika eneo lake, wapi, mwezi gani, na yanatumikaje sasa. Kisha ichague kaya chache zilizo tayari kutandika maboma yao kwa msimu mzima. Zitenge vipande viwili vya shamba vinavyolingana: kimoja kitiwe samadi iliyozolewa kama kawaida, kingine mboji ya matandiko. Wakati wa mavuno mahindi yapimwe kwa debe mbele ya majirani. Debe linaaminika kuliko hotuba yetu.

Kwa wafadhili, tunaomba msisikitike tukiwaomba vitu vidogo: toroli, reki, mapanga ya kukatia mabua, turubai, na mabati ya kuezekea sehemu ya boma. Toroli halina sherehe ya uzinduzi. Lakini mama anayebeba samadi kichwani kwa karai anajua tofauti yake, na pengine akiwa na toroli shamba la mbali nalo litapata mbolea kwa mara ya kwanza.

Butiama ni mahali ambapo Mwalimu Nyerere alizaliwa mwaka 1922, na ndiko alikorudi kulima baada ya kung'atuka mwaka 1985. Yeye alisisitiza maendeleo yanayoanzia kwenye ardhi na juhudi za watu wenyewe. Ardhi tunayo, na juhudi zipo. Pumba, mabua na magunzi navyo vipo, vinasubiri tuviweke mahali vinapostahili.